Sanduku la Kuumulia Unga

Mwezi wa saba Sumbawanga, kwa baridi, unga wa maandazi hauumuki. Mama mdogo alikuwa akiulaza karibu na mafiga, kaufunika blanketi, akiuchungulia kama mtoto mwenye homa. Mimi, mhitimu nisiye na kazi, nikamtengenezea sanduku: balbu ndani, kipimajoto, na kompyuta ndogo kama kiganja ya kuiwasha na kuizima balbu.

Programu ilinichukua wiki mbili, maana niliogopa kila kitu. Je, kipimajoto kikikatika waya? Je, paka akifungua mfuniko? Kila hofu niliiandikia mistari yake.

Jumamosi mchana tukajaribu beseni moja. Kesho yake mama mdogo alitakiwa kupeleka maandazi kwenye sherehe ya kipaimara, mtaa wa Majengo. Jaribio likifaulu, angelitumia sanduku. Unga ukaanza kupanda. Nikaona neno nililokosea kwenye skrini, nikasimamisha programu nilirekebishe. Nililifikiria neno hilo karibu saa nzima.

"Msomi," mama mdogo akaita, "mbona unga wako unanuka pombe?"

Ulikuwa umebonyea katikati, kingo zimekauka. Balbu inawaka.

"Nilizima, mama mdogo."

"Ulizima nini? Hii inayoniunguza ni mbalamwezi?"

Mshangao ukanisahaulisha aibu. Programu haikuwepo tena, lakini pini, kile kijiti cha chuma kinachopeleka amri kwenye swichi ya balbu, bado ilishikilia neno la mwisho ililoambiwa. Nikaanzisha programu, nikaisimamisha. Mara tatu. Balbu haikujali. Nilikuwa nimeandika habari za paka, sikuandika habari za kuondoka.

"Ukimaliza kucheza uniambie. Kesho nilitumie au nisilitumie?"

Alikuwa akivuta kuni kutoka mafigani, moja moja, akizisugua ncha kwenye majivu zizimike, kama afanyavyo kila anapotoka jikoni. Nikaongeza mistari miwili: programu ikiisha yenyewe, ikikosea au ikisimamishwa, kwanza izime balbu, kisha iiachie pini. Nikaijaribu hadi akachoka kunitazama.

"Beseni moja tu," akasema. "Mengine nitayalaza ninakojua."

Asubuhi akabonyeza unga wa sandukuni kwa kidole. Ukarudi juu taratibu.

"Sasa simamisha, nione."

Nikasimamisha. Balbu ikazimika. Akaingiza mkono, akauacha karibu na kioo cha balbu mpaka kikapoa, ndipo akalitoa beseni.

"Leta na lile la pili, liingie humu," akasema.