Gari la baba limewaka bila kusukumwa

Leo majirani wameanguka kifudifudi nyuma ya gari la baba, na kosa ni letu.

Gari ni kuukuu, stata haipati umeme wa kutosha. Kwa hiyo hapa mtaani Bukoto kila asubuhi linasukumwa na majirani.

Leo nimefunga rilei inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye stata.
"Baba, washa kwa ufunguo tu."

Majirani sikuwaambia. Walishashika nyuma, kwa mazoea.

Baba naye, kwa mazoea, alikuwa ameweka gia ya pili, ile ya kuwashia gari likisukumwa. Injini ikawaka, akaachia klachi, gari likaruka mbele.

Wanne chini. Jirani yetu Papa Espoir na shati lake la kanisani.

Baba akashuka, akawapangusa vumbi.
"Pandeni. Leo mtakaa ndani."

Tuko sita, tunampeleka Papa Espoir kanisani Nateete. Nani mwingine aliwahi kulisukuma? Aseme, tumpitie.