Kioo cha Kugusa cha Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bisibisi. Nilikalishwa juu ya kreti ya soda katika kibanda cha redio pale Oyugis, nikaambiwa nitazame tu. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyeweka redio mezani na kugeuka aende zake sokoni. Fundi Mkuu, mwenye kibanda, akamrudisha.

“Mama, washa kwanza nione.”

“Si nimekuambia imekufa? Nitawasha aje kitu imekufa?”

“Washa tu vile wewe huwasha kwako.”

Mama akasonya, akashika kitufe cha sauti, akakizungusha huku akikisukuma ndani kwa nguvu. Fundi Mkuu aliifungua redio akanionyesha: kile kifaa tunachokiita volyumu, kinachopunguza au kuongeza sauti, kilikuwa kimeng'oka kwenye bodi kwa kusukumwa kila siku. Angeweza kukilehemu na kumrudishia, nacho kingeng'oka tena kabla ya Jumapili. Yeye alikilehemu, kisha akakiwekea kipande cha ndara nyuma ili hata kikisukumwa kisiende popote.

“Omera,” akaniambia mama alipoondoka, “mashine haiugui peke yake. Inaugua na mkono yenye inaishika. Kama hujaona mkono, usifungue kitu.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kibanda chetu. Watu walitucheka. Wengine walidhani tunapima kama wana wazimu. Lakini nimeishi nayo maisha yangu yote ya kazi, na ninyi vijana mnaofungua simu ya mtu kabla hajamaliza kuwasalimu, ningependa mnisikilize hapo.

Kutoka Oyugis nilipata kazi Migori, katika ofisi moja ya serikali, chini ya Afisa wa Vifaa. Huyo alikuwa mtu mrefu asiyecheka, mwenye tabia ya kusimama nyuma yako ukifanya kazi na kupumua. Nilianza na taipureta, kisha kompyuta zikaja, zile kubwa zenye skrini nzito. Akanituma Macalder siku moja, kwenye zahanati ambayo kompyuta yake ilikuwa ikizimika kila mara. Nilimwomba karani aiwashe nione. Akaiwasha, akaandika kidogo, kisha alipotoka kumwita mgonjwa akaifunika kwa karatasi ya plastiki ikiwa bado inawaka, kwa kuikinga na vumbi jekundu la machimbo ya dhahabu. Kumbe mashine ilikuwa ikikosa hewa. Ilikuwa inauawa kwa mapenzi. Nikatoboa kisanduku cha mbao matundu ya pembeni, nikashonea matundu hayo kitambaa cha chandarua, tukaiweka humo.

Niliporudi Afisa wa Vifaa akauliza, “Ulibadilisha kifaa gani?”

“Hakuna, mkubwa.”

“Sasa ripoti nitaandika nini? Kwamba umeshona?”

Niliposhika umri nilifungua duka langu Homa Bay, si mbali na ziwa. Hapo nilijifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Kwa mfano, siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda hewani kama moshi, usifungue skrini. Watajipachika kati ya kioo na taa, na mteja wako ataona mzoga wa mdudu katikati ya kila sinema atakayotazama.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia haikuja dukani. Ilitoka nyumbani.

Mke wangu, Akoth, ni mtoto wa mwalimu. Mama yake alifundisha shule ya msingi karibu na Asumbi hadi alipostaafu, na vizazi viwili vya watu wa huko vinaujua mwandiko wake wa shoto. Kiharusi kilipompiga kilichukua upande wa kulia, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba maneno yalitoka kama uji. Akili ilibaki nzima. Ungeyatazama macho yake ungejua kwamba anakusahihisha.

Tatizo ni kwamba watu huacha kumuuliza mtu asiyeweza kujibu. Shemeji yangu Ouma, mwanawe mkubwa anayeishi Nakuru, alipiga simu akasema mwisho wa mwezi atakuja amchukue mama akakae kwake. Ouma si mtu mbaya. Ana nyumba nzuri na moyo mzuri. Lakini Akoth alikata ile simu akakaa chini kwenye kizingiti.

“Mama hataki kutoka kwake,” akasema. “Najua hataki. Lakini Ouma anasema, kama hataki si aseme?”

Basi nikaona kazi yangu. Palikuwa na laptopu ndogo ya zamani, zile ndogo zilizokuwa fasheni wakati mmoja, na vitufe vyake vilibanana mno. Mama akibonyeza kimoja vilishuka vitatu. Mtaniuliza kwa nini hatukumnunulia tableti. Tulijaribu simu ya Akoth. Vioo vya kugusa ni vya aina mbili. Kioo cha simu zenu husikia ngozi: mama alipoegemeza kiganja juu yake kwa sababu mkono unamchoka, kilifungua kila kitu, kikampigia hata padri. Aina ya pili ni ya zamani, ya tabaka mbili zilizoachana kwa nafasi ndogo sana, na haisikii ngozi wala kitu kingine ila kusukumwa. Kiganja kikilala juu yake polepole, kioo kinanyamaza. Hicho ndicho nilichokitaka.

Nikaagiza kioo hicho, kinakuja na bodi ndogo ya kutafsiri mguso na waya bapa mwembamba kama utepe. Nilifungua kifuniko cha skrini, nikachonga ukingo wa plastiki kwa wembe hadi kioo kikakaa, nikaupitisha ule utepe chini. Ndani ya laptopu nikatafuta mahali penye njia za USB, nikalehemu nyaya nne za ile bodi hapo: mbili za umeme, mbili za habari. Ukikosea zile mbili za habari hakuna kinachoungua, ila mashine itakutazama tu.

Kisha mtandao. Kadi ya wayalesi ya laptopu ile ilikuwa imekufa, na kile kidubwasha cha kunasa mtandao, cha kuchomeka ubavuni, kingevunjwa na blanketi siku ya kwanza. Nikakivua ganda, nikakilehemu ndani kwa ndani. Antena yake, ambayo ni uzi wa kunasa mawimbi, sikuiacha chini ya vitufe maana hapo pana bati, na bati huziba mawimbi. Niliipitisha katikati ya bawaba hadi juu, pembeni ya skrini. Niliufungua na kuufunga mfuniko mara nyingi nikisikiliza kama uzi unakwaruzwa. Mwisho nikamwandalia ubao wa herufi kubwa, A hadi Z kwa mpangilio wa darasani, pamoja na nukta na kitufe cha kutuma ujumbe, nikajaribu kwa kidole changu. Kila herufi iliitika. Nikajipongeza mwenyewe, mbona nisijipongeze?

Tulipompelekea, haikuitika hata moja.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo vijana mmeanza kulisahau. Kwetu, maro, yaani mama mkwe, ni mtu wa heshima ya pekee. Watu wa rika langu hatumpi mkono. Hatuli mbele yake. Hatuketi karibu naye tukapiga soga. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsalimu maro nikiwa nimesimama mbali, na yeye akiniitikia akitazama pembeni. Kwa hiyo siku ile nilisimama mlangoni pa chumba nikatoa maagizo, Akoth akiwa kando ya kitanda.

“Mwambie aguse ile alama ya msalaba kwenye kona.”

“Amegusa.”

“Aguse tena, kwa nguvu.”

“Yawa, amegusa! Mashine yako ndiyo imekataa.”

Nilirudi nayo Homa Bay, nikaipima kwa mita, nikalehemu upya. Nikairudisha. Ikakataa tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Nilianza kukilaumu kioo, halafu aliyeniuzia, halafu umeme wa Asumbi. Akoth hakulaumu mtu. Alimfuta mama yake mdomo, akasema kwa sauti ndogo, “Basi acha tu. Ouma akuje amchukue.”

Hapo nikamkumbuka Fundi Mkuu na yule mama wa redio. Wateja wangu wote niliwaambia washike nione. Mmoja tu sikumwambia, na huyo ndiye niliyekuwa namhitaji kuliko wote. Nilikuwa nimetengeneza kioo cha kidole changu mimi, kidole cha mtu aliyeshika koleo maisha yake yote.

Nikavua kofia. “Mama,” nikasema nikiwa pale mlangoni, na nilisikia aibu hadi masikioni, “naomba ruhusa nikaribie. Naomba nione mkono wako unavyogusa.”

Akoth alinitazama kama nimevua nguo. Maro akaufanya mkono wake wa kushoto ufanye safari ndefu juu ya blanketi, akaunyosha, kiganja juu.

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi na mkavu. Niliweka kiganja changu chini ya kidole chake nikamwomba asukume, nami nikaelewa mara moja: hakusukuma kwa ncha, alilaza kidole chote, na uzito wenyewe ulikuwa wa kitambaa. Hakuna kioo cha aina ile ambacho kingeusikia. Lakini nilipotaka kuuachilia, alikibana kidole changu kati ya gumba na vidole viwili. Alikibana sawasawa, kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Nikatazama vile vidole vilivyokaa. Ni mshiko ninaoujua, na kila mtu aliyekaa darasa lake anaujua.

“Chaki,” nikasema.

Akoth akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Nilikata kijiti cha mpera nje ya jikoni, nikakichonga unene wa chaki, ncha nikaifanya ya mviringo ili isikwaruze kioo. Ncha ndogo haihitaji nguvu nyingi, kwa sababu uzito wote unakusanyika mahali pamoja. Sikumketisha wima kama mgonjwa wa kupigwa picha. Nilimwacha ameegemea mito yake vile anavyoegemea, kichwa upande, nikamwambia aguse misalaba ile minne kwa namna yake. Kufanya hivyo ni kukifundisha kioo mahali kidole kinapoangukia. Kikajifunza kuona kutoka kitandani pake. Herufi ya kwanza aliyoigonga ilikuwa A, kwa mlio ule ule wa chaki ubaoni.

Ouma alifika na gari safi, na mito kwenye kiti cha nyuma. Tukakusanyika chumbani, mimi nikarudi mlangoni pangu. Ouma akaanza kueleza mambo ya hospitali na chumba alichoandaa. Maro akainua kijiti kidogo, ishara ambayo mwanawe aliijua tangu utotoni, maana alinyamaza katikati ya neno. Akaandika taratibu. Tulisubiri. Nilimwona Ouma anataka kusaidia, anajizuia. Kisha akasoma kwa sauti:

“ASANTE MWANANGU. NAKAA HAPA. KUKU WANGU HAWAJUI NAKURU.”

Ouma alicheka kwanza. Halafu akakaa chini kando ya kitanda, mtu mzima na tai yake, akalia kwa sauti. Hajui, alisema, ni lini mara ya mwisho alimuuliza mama yake anataka nini.

Niliondoka, maana machozi ya nyumba ya watu si ya mkwe kutazama. Nilikaa katika nyumba ndogo ya upande wa pili wa uwanja, ambako wakwe hukaribishwa chakula chao mbali na macho ya maro. Simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe ulitoka kwenye ile laptopu, kupitia ule uzi niliouficha ndani ya mfuniko.

“MKWE UMEKULA”

Alama ya kuuliza sikuwa nimeiweka kwenye ubao wake. Nikajibu kwa adabu: Nimekula, Mama, asante sana.

“UONGO. KUKU BADO JIKONI.”

Tangu siku hiyo tulizungumza. Hatukupeana mkono tena, wala sikula mbele yake, lakini tulizungumza kwa kijiti. Alinisahihisha tahajia. Aliniuliza jinsi lehemu inavyoyeyuka. Siku moja aliniandikia kwamba binti yake alipoolewa na fundi wa redio alilia, na kwamba sasa amelifuta chozi hilo. Nilikaa dukani nikausoma ujumbe huo hadi mteja akagonga meza.

Alifia kwake, kitandani pake, majogoo wakiwika.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena nyaya nyembamba, na mkono unatetemeka nikishika chuma cha moto. Duka nimemwachia mtu mwingine. Mnaweza kuninunulia kila kifaa cha kupimia kilichopo duniani, bado nitawaambia lile la Oyugis: ona mkono kwanza. Nami ninaongeza langu, ambalo Fundi Mkuu hakuniambia, kwamba kuna siku heshima ni kusimama mbali na kuna siku heshima ni kuomba ruhusa ukaribie.

Ile laptopu ndogo tulirudishiwa. Imekaa kabatini, na kijiti chake nimekifunga kwa mpira. Bado inawaka. Wajukuu wakiichukua hunijia wakilalamika: “Kwara, hii kioo yako imeharibika. Ukigusa M inaandika N. Si uirekebishe?”

Kuirekebisha ni kazi ndogo mno, ni kugusa misalaba minne tu. Nawaambia haijaharibika. Wakitaka iwasikie, waegemee upande wa kushoto, kichwa juu ya mto, washike kijiti kama chaki.