Sauti ya Shangazi Niliyoitoa Nje

Shangazi yangu Ummulkheir hushona viatu vya ngozi na shanga pale soko la Kariokor, Nairobi. Alianza kabla sijazaliwa. Akishona, huimba. Haimbi kwa nguvu. Huimba kiasi cha kumfikia mwanamke wa kibanda cha pili, basi. Mteja mwanamume akitokea, hunyamaza papo hapo, hata kama ni katikati ya neno. Humpimia kiatu, humtania kidogo kwa ukubwa wa mguu wake, na akishaondoka, shangazi huliokota neno pale lilipokatikia akaendelea. Nilipokuwa mdogo niliona ni kichekesho. Nilimuuliza, kwani wanaume wakisikia watafanya nini? Akanijibu bila kuinua macho, "Hawatafanya kitu. Si yao tu."

Nawaeleza haya kwa sababu wengi wenu mnaijua sauti yake na hamumjui yeye. Mmeicheza kwenye harusi zenu, kwenye klabu, kwenye video za kukata viuno. Aliyewapa ni mimi, na hakuniruhusu.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Shangazi alikuja kunichukua siku ya pili, akanilaza kitanda kimoja na bintiye Nasima katika nyumba yao ya Majengo, na tangu siku hiyo hakuwahi kunitambulisha kwa mtu kama mtoto wa kakake. Alisema, "Hawa wanangu." Nasima alikuwa mpole na anasifiwa na kila mtu. Mimi nilikuwa na mdomo mrefu. Nilipomaliza shule nikaanza kwenda Kayole kila siku, nyumbani wakajua nafanya mambo ya kompyuta, na huo haukuwa uongo. Nilikuwa nikitengeneza biti, midundo ya nyimbo. Nina chumba ghorofa ya nne, karibu na Spine Road, magodoro ukutani ya kuzuia kelele, na wasanii wa mtaa hupanda ngazi zile wakihema kuja kurekodi. Shangazi hakuwahi kuuliza zaidi. Aliniamini, na kuaminiwa kunazoeleka haraka mno.

Nasima aliposwa na mtu wa Mombasa, shangazi alimtungia wimbo. Wanawake wa Majengo wote walijua atatunga, kwa sababu yeye ndiye aliyewaimbia mabinti wao. Hakuna siku ya hina iliyokuwa siku ya hina bila Ummulkheir na sinia lake na kijiko cha kugongea.

Sasa kwetu siku ya hina ina taratibu zake. Wanaume hawaingii. Wanawake huvua mabuibui mlangoni, na huacha simu zao kwenye beseni, maana mle ndani mtu anacheza mbele ya mama yake mzazi na nywele wazi, na hataki kujiona kesho kwenye simu ya mtu. Beseni huwa na mlinzi. Siku ile nilipewa mimi. Shangazi alisema mbele ya watu wote, "Mpeni Waridi. Huyo mashine zimemjaa kichwani, hana haja na zenu." Wakacheka. Aliyeruhusiwa kubaki na simu ni mmoja tu, Wacera, mpambaji kutoka Kayole. Ni mtu wa kanisa, si wa kwetu, lakini alikuwa amepamba mabibi harusi wa Majengo kwa miaka sita, na Nasima alitaka picha za mikono yake.

Alasiri ile shangazi aliketi chini, sinia mapajani, akaimba:

*Mwanangu nakupeleka, kwa usiowazoea,*
*Machozi nimeyaficha, wende ukichekelea.*

Nasima alilia mpaka Wacera akaanza kumpaka wanja upya. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekaa juu ya kigoda, beseni mbele yangu, na simu yangu mwenyewe ilikuwa chini ya leso, inarekodi. Nilijiambia nataka kuwa nayo tu, niwe nikimsikiliza siku nitakayomkosa. Pengine hata ilikuwa kweli kwa siku mbili tatu.

Kisha akaja Opicho. Opicho ni msanii wa Kayole, kijana mwenye maneno mazito na sauti ya chini, na alikuwa na mistari kuhusu dada yake aliyeolewa mbali. Biti ilikuwa tayari. Tulikwama kwenye kiitikio.

"Wari, hii ngoma iko fiti," akasema, "but watu wataimba nini? Mimi siwezi imba, unanijua."

Nilijaribu kuimba mimi. Nilichukua sauti ya shangazi kwenye simu, nikaifuata, nikarekodi mara kumi na moja. Ilitoka safi, haina kasoro, na haina maana yoyote. Opicho alikuwa mpole, akasema labda tulale tuamke nayo. Nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira, na nikikasirika hufanya haraka kitu ambacho ningekikataa polepole. Nikamchezea ile yenyewe.

Akaomba niirudie. "Huyu ni nani?"

"Ni mtu wetu."

"Na amekubali?"

"Amekubali," nikasema.

Niliipandisha sauti kidogo kwenye kompyuta, nikaondoa mlio wa sinia, nikaweka ngoma nzito chini yake. Nikajiambia hakuna atakayemjua. Nawaapia, nilikuwa nimekaa na wanawake wale miaka ishirini, na bado nikadhani wanamjua Ummulkheir kwa wembamba wa sauti. Wanamjua kwa mahali anapovuta pumzi.

Wimbo tuliuita "Nakupeleka". Ulitoka mwezi wa nne. Wiki ya kwanza ulisikika Kayole, ya pili Umoja na Buruburu, na kufika mwisho wa mwezi redio zilikuwa zinaupiga mara mbili kabla ya saa sita mchana. Kulikuwa na densi yake. Pale anaposema machozi nimeyaficha, wasichana walikuwa wanafunika macho kwa mkono mmoja na kushuka mpaka chini. Opicho aliitwa kwenye mahojiano, akaulizwa ile sauti ni ya nani, akasema ni ya mama mmoja wa heshima na aliyetengeneza biti hataki jina la mama huyo litajwe. Mimi nilikuwa nafurahi. Siwezi kuficha hilo. Nilipanda basi, nikasikia watu wanaufuatisha wimbo, nikafurahi mpaka nikashuka mapema ili nicheke peke yangu barabarani.

Majengo walimtambua mstari wa kwanza.

Nilifika nyumbani Ijumaa moja nikamkuta shangazi amekaa kitandani na buibui lake, hajalivua tangu sokoni. Mwanamke wa kibanda cha pili alikuwa amemsikilizisha. Nasima naye alikuwa amepiga simu kutoka Mombasa akilia, mama mkwe anauliza ni mama gani huyu anayeimbia walevi. Shangazi aliniambia yote hayo taratibu. Kisha akasema, "Kuna mtu aliingia na simu, Waridi. Na wewe ulikuwa mlangoni. Hukuona?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kukiri. Ningesema. Nikasema, "Sikuona, shangazi."

Sikumtaja Wacera, kamwe. Sikuhitaji. Wanawake walijumlisha wenyewe: mwenye simu alikuwa mmoja, naye anatoka Kayole, na msanii ni wa Kayole. Harusi mbili alizokuwa ameitwa kupamba zikapewa mpambaji mwingine. Hata salamu za barabarani alinyimwa.

Shangazi akaacha kuimba. Hakutangaza. Nilikuwa nikimpelekea chakula Kariokor, nasimama nyuma ya nguzo ya kibanda kusikiliza, na ni kimya. Mteja mwanamume anakuja, anakwenda, na hakuna neno linalosubiri kuendelezwa. Walikuja wanawake watatu kumwomba aimbe hina ya binti wa jirani. Akawaambia, "Mimi sina sauti tena. Iko barabarani, kaichukueni huko." Alisema kwa utani, nao wakacheka kidogo kwa heshima, wakaondoka.

Kisha siku moja mchana Wacera akaja sokoni. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa ndani ya kibanda natunga shanga kwenye uzi. Alisimama mbele ya meza ya viatu, amevaa nguo zake za kanisani, nikaelewa kwamba amevaa hivyo kwa makusudi.

"Mama Nasima," akasema, "niapishe na kitu chochote. Hata na watoto wangu. Mimi sikurekodi. Nilipiga picha za mikono, nikazituma kwa Nasima, nikazifuta."

"Nimekusikia, mama," shangazi akasema.

"Lakini huniamini."

Shangazi alishona mishono miwili. "Ningependa kukuamini. Lakini nikikuamini wewe, ni nani mwingine? Wote waliobaki mle ndani ni watu wangu."

Wacera akanitazama mimi. Alinitazama tu jinsi mtu anavyomtazama aliyekuwepo, akitumaini atamsaidia, maana mlinzi wa beseni ndiye angejua. Mimi nikainamia shanga zangu. Nikazihesabu. Nakumbuka zilikuwa za bluu. Akageuka akaondoka, na hakumlaani mtu.

Baada ya hapo nililala vibaya na kula vibaya, nikawa mkali kwa wasanii wangu, nikamfukuza mmoja kwa kuchelewa dakika kumi. Opicho aliponipigia kusema kuna watu wanataka wimbo wa pili wenye sauti ile ile ya mama, nilimkatia simu. Wiki tatu zilipita hivyo. Sitaki msifu ujasiri wangu, kwa kuwa haukuwepo. Nilichoka tu kumwona shangazi ananikatia kipande kikubwa cha samaki.

Nilimwambia asubuhi, anakunywa chai. Nilisema yote: simu chini ya leso, kompyuta, Opicho, "sikuona". Nilisema haraka. Hakunikatiza. Aliinua kikombe, akakiweka, akakiinua tena na hakikuwa na kitu.

"Umefanya mambo mawili," akasema mwishowe. "La sauti yangu ni langu. Nitakaa nalo, nitaona nitalifanya nini. La Wacera si langu, siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Ulikaa hapo, Waridi. Alikuja na nguo za kanisani, ukakaa hapo."

"Nitaufuta wimbo, shangazi."

"Utaufuta kwa nani? Utaingia katika kila simu ya Nairobi?"

Nilijaribu hata hivyo. Nilikwenda Kayole nikamwambia Opicho kwamba mwenye sauti hakukubali kamwe. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Wari, ulinidanganya kwa ngoma ya sistangu," akasema. Jioni hiyo akauondoa wimbo kila mahali mtandaoni alipokuwa ameuweka, na kesho yake ukawa umerudishwa na watu tusiowajua, kwa majina mengine, na ule mstari wa machozi umekatwa ukarudiwarudiwa wenyewe dakika nzima.

Kwa Wacera nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake. Alinisikiliza akiwa amesimama. Akauliza, "Umewaambia wao?" Nikasema nimemwambia shangazi. Akasema, "Mimi sikusemwa na shangazi yako peke yake," akafunga mlango bila kuubamiza.

Nilimpelekea shangazi maneno hayo, naye akaikubali ile hina ya binti wa jirani, kwa masharti: mpambaji awe Wacera, na Waridi aje. Tulikuwa wanawake kama arobaini. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono imenyooshwa, Wacera anachora. Shangazi akaniambia, "Simama useme." Nikasimama, nikasema. Mama mmoja akafyonza. Mwingine akasema, "Na beseni tulimpa yeye," na wengine wakarudia kwa sauti ndogo, wakiambiana. Wacera hakuinua kichwa, ila mkono wake uliacha kuchora mpaka nilipomaliza. Kisha mwenye nyumba akamletea chai, yeye wa kwanza kabla ya mtu yeyote, na yule mama aliyefyonza akasogea kumpisha akae karibu na shangazi.

Shangazi akaomba sinia.

Nilikuwa nimeanza kukaa. Nilidhani limekwisha, kwamba nitakaa pembeni, nitasikia. Akanitazama, na hakuwa na hasira, nasema kweli, ningefurahi kama angekuwa na hasira. "Sasa toka, mwanangu," akasema. "Nataka kuimba."

Nikatoka. Nyuma yangu walivuta pazia, kisha mlango. Uani wanaume walikuwa wanapika pilau, watano au sita, na mzee mmoja mwenye upawa aliniangalia kwa mshangao, mwanamke peke yangu nje siku ya hina. Kijiko kikagonga sinia ndani. Mzee akaweka upawa chini, akawaashiria wenzake, wote wakaanza kuondoka kuelekea upande wa barabara.

"Njoo, binti," akaniambia. "Wameanza. Si vizuri kusikiliza."

Nikawafuata.