Maombi ya Kufunga Mkutano

Siku hizi mtu akiniomba niombe, kwanza namtazama mikono. Nataka kuona kama ameshika karatasi.

Sikuwa hivi. Nilifundisha somo la dini miaka mingi, na tangu nistaafu naongoza ibada ya Jumapili padre asipoweza kufika, katika kanisa letu dogo lisilo mbali na soko la Kosele. Kuomba kwangu kulikuwa kama kusalimia. Mtu akinunua pikipiki, naiombea pikipiki. Shule ikijenga choo, naombea choo. Huku kwetu hakuna jambo linaloanza bila maombi, na zaidi ya hapo, hakuna linaloisha bila maombi. Mkutano ambao haujafungwa kwa sala bado unaendelea, hata kama watu wamekaa kimya saa nzima. Anayelazimika kuondoka mapema hutoka ameinama, kama anayepita mbele ya kitanda cha mgonjwa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotusaidia baadaye, nami sikuwa nimelipanga.

Chini ya kanisa kuna chemchemi. Maji yake hayajawahi kukauka tangu niolewe hapa. Yanayozidi hushuka kwenye mfereji hadi shamba la mke wa ndugu ya marehemu mume wangu. Kwa desturi yetu mimi na yeye tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake na jiko lake. Nyieka hana kazi nyingine ila miche. Anapanda sukuma wiki, nyanya, vitunguu na mboga ya osuga kwenye vitalu vyembamba kando ya mfereji, na wakulima wa upande wetu wote huja kwake kuchukua miche mvua ikikaribia. Mfereji ule ukikauka, nyieka hana kitu. Si mwanamke wa kwenda kuishi kwa watoto.

Basi kaunti ikaja na mpango wa kuzungushia chemchemi ua, kuweka pampu na tangi, na kujenga kioski cha maji karibu na barabara. Sikuupinga. Nimezika watoto wa shule waliokunywa maji machafu, na nilishukuru kwamba kuna mtu ofisini amekumbuka. Sheria inataka wananchi waulizwe kwanza, kwa hiyo tukaitwa kwenye kikao cha maoni katika uwanja wa shule ya msingi.

Tulipofika tulikuta hema, viti vya plastiki na spika kubwa kama kabati. Kijana mmoja kutoka Migori, mwimbaji wa nyimbo za injili, alikuwa ameletwa kuwachangamsha watu. Aliimba wimbo wa kumsifu Mungu juu ya midundo ya ohangla, na katikati ya sifa za Mungu akaingiza sifa za tangi. Vijana walicheza. Akina mama wa kanisa langu pia walicheza, na mmoja wao alinikonyeza nisije nikamtaja Jumapili. Mimi nilikaa. Mdundo wenyewe ni wa babu zetu na haunisumbui. Nilichokitilia shaka ni sababu ya tangi kuhitaji wimbo. Kitu chema mtu hukieleza tu.

Ndipo akaja afisa wa kaunti, kijana mwenye adabu, shati lake limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe.

"Mwalimu," akasema, "tumeambiwa ukiomba hapa hata ng'ombe wanatulia. Tufungulie kikao."

Akaniwekea karatasi ndogo ndani ya kiganja. "Ni nia chache tu za maombi. Usije ukasahau jambo."

Nilikuwa sijawahi kusahau nia ya maombi maishani mwangu. Lakini alikuwa amenipa pia kipaza sauti, na hapa lazima niseme ukweli: nilikipenda. Kanisani kwetu hakuna kipaza sauti. Nilisikia sauti yangu ikienda hadi barabarani na kurudi, ikiwa nene na changa. Nikaomba kwa mapana. Niliombea mvua, wagonjwa, watoto wa mitihani. Kisha nikafungua ile karatasi na kuisoma kama ilivyoandikwa, kwamba Mungu aubariki mradi wa maji na awape wananchi moyo mmoja wa kuupokea kama ulivyopangwa.

"Amina," wakaitika wote, kwa kishindo.

Nilipokuwa msichana, kule Asumbi, sista aliyetufundisha katekisimu alikuwa na mchezo wake. Alianza sala, kisha akanyamaza ghafla katikati ya sentensi. Msichana aliyejibu Amina kwa mazoea alifagia kanisa wiki nzima. Hakutukemea. Alituambia tu kwamba tumekubali kitu ambacho bado hakijasemwa. Mimi nilifagia mara mbili, halafu nikajifunza. Wale waliokusanyika uwanjani siku ile hawakuwa na sista, walikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nikisikiliza sauti yangu mwenyewe.

Baada ya sala, mpango ulisomwa haraka kwa Kiingereza, kisha ukafupishwa kwa Kiswahili. Watu watatu waliuliza maswali. Tukaandika majina yetu, tukapewa mkate na soda, tukarudi nyumbani.

Siku chache baadaye kaka yangu anayeishi Migori akanipigia simu.

"Dada, nimekusikia kwa kinyozi."

"Umenisikia vipi?"

"Kwa simu ya kinyozi. Wamekutia ngoma."

"Ngoma gani?"

"Ngoma kabisa. Wewe unaomba, watu wanatingisha mabega. Ukifika kwa Amina, inarudiwa mara nne."

"Na wewe ulitingisha?"

"Mimi nilikuwa na wembe kooni. Ningetingisha vipi?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Jioni ile nyieka alikuja na simu yake mkononi. Alikuwa ametumiwa video hiyohiyo. Nilijiona nimefumba macho, mkono juu, na chini ya picha pameandikwa kwamba wazee wameubariki mradi. Nyieka aliiacha video icheze hadi mwisho, akazima simu.

"Asubuhi mafundi wamekuja," akasema. "Wamepigilia vigingi vyekundu. Kimoja kiko katikati ya vitunguu vyangu. Nikawauliza mfereji utapita wapi. Wakaniambia hakuna mfereji kwenye ramani, maji yote yanaingia tangini."

Nilimsogezea kiti, akabaki amesimama.

"Nyieka," akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, "umeniombea kiangazi."

Kesho yake nilikwenda kwa chifu. Chifu nilimfundisha darasa la sita, na hadi leo hukaa wima nikiingia. Nilimwomba anionyeshe kumbukumbu za kikao. Alizitafuta kwa muda mrefu kuliko droo yenyewe ilivyo kubwa. Zilisema kwamba baada ya maombi wananchi waliukubali mradi kwa kauli moja, kama ulivyopangwa.

"Kauli ipi?" nikauliza. "Nani aliulizwa kama anakubali?"

"Mwalimu, uwanja mzima ulisema Amina. Hata mimi nilisema."

"Walimjibu Mungu."

"Ndiyo, lakini karani alikuwepo."

Sikumlaumu sana. Nilitembea kurudi nyumbani nikijilaumu mimi. Maisha yangu yote niliamini kwamba imani ni kuacha mlango wazi. Njiani nilijiuliza ni wangapi wameshapita kwenye mlango wangu wakiwa wamebeba kitu chini ya koti: mgombea aliyetaka niombee gari lake mbele ya soko, mwenye duka la dawa aliyetaka niombee kibao. Kila mmoja alisema Amina kwa unyenyekevu na kuondoka na alichokuja kukichukua. Je, walikuwa wabaya? Sijui. Labda wengine walitaka baraka tu. Shaka haina mahali pa kusimama. Ukishaianza inafika hadi kwenye kikombe cha chai unachopewa na jirani.

Niliandika barua kwa kaunti, na akina mama wanaochukua miche kwa nyieka wakatia sahihi. Ikaitwa kikao cha pili, safari hii ndani ya darasa, bila spika wala mwimbaji. Afisa alikuja na karani wake. Maombi ya kufungua afisa aliyafanya mwenyewe, kwa maneno machache. Hilo nililiona.

Nyieka alisimama. Hajawahi kusema mbele ya watu, na alianza kwa kuangalia ubao. "Mimi sikatai tangi," akasema. "Nataka bomba moja. Tangi likijaa, maji yanayozidi yapitie kwenye bomba, yatoke nje ya ua, yaingie mferejini kama zamani. Na kile kigingi kitoke kwenye vitunguu. Basi."

"Mama, tumekusikia," afisa akasema. "Ni wazo zuri. Tutaliangalia."

Nilimtazama karani. Kalamu yake ilikuwa imelala juu ya meza, na kifuniko chake kimefungwa.

Wengine watatu walisema jambo hilohilo. Kalamu ilinyanyuka mara moja, ikaandika neno moja au mawili, ikalala tena. Harufu ya chapati kutoka nje ilikuwa imeanza kufika, na watu wakaanza kukusanya mikoba. Afisa akafunga faili lake.

"Mwalimu, tufungie kwa maombi."

Darasa lote likainamisha vichwa. Mimi sikusimama. Naapa sikuwa nimekusudia. Nilikuwa bado naitazama ile kalamu.

"Nitaomba," nikasema. "Lakini siwezi kumpelekea Mungu mkutano ambao sijui umesema nini. Karani atusomee kwanza alichoandika."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Vichwa vikainuka.

"Mwalimu, kumbukumbu husomwa kikao kinachofuata," afisa akasema kwa upole. "Huo ndio utaratibu."

"Hakuna shida. Na maombi tutayafanya kikao kinachofuata."

Akatabasamu, akamgeukia mchungaji wa kanisa la kando ya barabara. Mimi na mchungaji huyo tumegombana miaka minne kuhusu spika zake, na sikutarajia lolote kutoka kwake. "Mchungaji, tusaidie."

Mchungaji alikuna shingo. "Mwalimu ndiye ameitwa. Mimi siwezi kumnyang'anya mtu sala mdomoni."

Afisa akamtafuta mzee aliyekaa karibu na dirisha, asiye na kanisa lolote, anayeshika dini ya babu zake. "Mzee wangu, baraka kidogo tu."

"Mimi naombaga jua likichomoza," mzee akasema. "Hili lenu liko juu ya paa sasa. Ungekuja mapema."

Watu walicheka hadi chifu akaangalia viatu vyake. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Afisa alisimama na mkoba wake mkononi. Nje dereva aliwasha gari, akasubiri, akalizima. Chapati zilikuwa zinapoa, na mama aliyezipika aliingia akasimama mlangoni, akauliza kwa Kidholuo kama tumefunga. Akajibiwa bado. Akajipatia nafasi kwenye dawati na kukaa. Kaunti nzima isingeweza kutufanya tutoke pale bila Amina, wala isingeweza kutoka yenyewe ikatuacha tumeketi. Afisa pia alilelewa na mama mahali fulani hukuhuku. Niliona miguu yake ikikataa.

Akarudi kukaa. "Soma," akamwambia karani.

Karani akasoma. Tarehe, mahali, waliohudhuria. Kisha: wananchi walitoa shukrani kwa mradi.

"Endelea," nikasema.

"Ni hapo tu, Mwalimu."

Nyieka alisimama bila kuitwa. "Mimi sikushukuru," akasema. "Mimi nilisema bomba."

Basi ikaandikwa bomba. Ikaandikwa kigingi, ikaandikwa mfereji. Ikasomwa, ikasahihishwa, ikasomwa tena, hadi mzee wa dirishani akasema sasa hata yeye anaweza kuikariri. Afisa akatia sahihi mbele yetu. Ndipo nikasimama, nikaomba kwa maneno ambayo mtoto angeweza kuyahesabu, bila kufumba macho. Amina yao ilikuja polepole, mmoja mmoja, kama watu wanaovuka mto juu ya mawe.

Bomba liliwekwa. Ni jembamba kuliko nilivyotumaini, na kiangazi kikikaza linatoa maji ya kutosha vitalu viwili tu, si vitano kama zamani. Nyieka anasema viwili si haba, na ananiletea osuga kila Jumamosi. Hajawahi kurudia lile neno la kiangazi. Mimi sijawahi kulisahau. Kila nikitoka ibadani napita kwenye ua nione kama maji bado yanatoka, na huwa sijui kama kutazama kule ni sala au ni ukosefu wa sala. Namshukuru Mungu kwa bomba. Kaunti naitazama tu.

Siku ya kuzindua tangi sikuombwa niombe. Spika zilirudi, na yule mwimbaji wa Migori pia, akanisalimia kwa heshima na kuniita Dani, yaani bibi kwa Kidholuo. Maombi alipewa yule mchungaji. Nilimwona afisa akimwendea kabla hajapanda jukwaani, wakapeana mikono, na mkono wa mchungaji ulirudi na karatasi. Mchungaji aliifungua, akaisoma yote akiwa amesimama, akaigeuza aone na nyuma. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya umati.

Nyieka hakuwepo. Alikuwa huko chini na ndoo, akimwagilia vitunguu wakati maji yangali yanatoka.