Noeli Tuliyokunywa Maji

Enzi zetu za Zaïre, pale Bukavu, nyama ya Noeli ilikuwa kuku au mbuzi, na aliyekula jambon, paja la nguruwe la chumvi, alikuwa anajuana na mapadri. Mwaka niliotimiza miaka kumi na tatu, bahati hiyo ilituangukia sisi. Bruda mmoja wa parokia, mfugaji wa nguruwe, alimpa Papa paja zima, lililolala kwenye chumvi majuma kadhaa, kisha likakaushwa kwa moshi.

Mimi nilikuwa nasoma kwa masista, na sista wa upishi alikuwa ametuandikisha namna ya kupika jambon ya kung'aa, ile inayopakwa asali na sukari. Alituandikisha tu, kupika hatukupika. Lakini kwangu daftari lilitosha. Niliwatangazia wote nyumbani, hata wasioniuliza, kwamba Noeli hiyo mpishi ni mimi.

Papa alikubali upesi, naye alikuwa na sababu yake. Mama yake, Koko, alikuwa anakuja kutoka Mumosho, na kila akija wimbo wake ulikuwa mmoja: "Binti ya masomo anajuaka kusoma, kupika hajue. Mumutoshe ku masomo, abakie kusaidia mama yake." Papa hakuwahi kumshinda kwa maneno. Safari hii alitaka kumshinda kwa nyama. Nami nilijua kwamba nikiharibu, Januari huenda isinikute darasani.

Serikali ilikuwa imeshaifuta Noeli kwenye sikukuu zake, kwa hiyo Papa alikwenda kazini na abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, mimi nikabaki na sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Daftari sikulifungua. Ya nini, na kila kitu nilikijua kwa moyo? Nikatia chumvi kiganja kizima, maana kwetu nyama isiyo na chumvi ni ya mgonjwa. Maman aliporudi kutoka misa akafunua, akatia yake. Dada yangu mkubwa akapita, naye akatia. Hakuna aliyeonja wala kuuliza. Jikoni kwetu ndivyo ilivyokuwa, huwezi kupita kwenye sufuria ukaiacha hivihivi.

Ilitoka iking'aa kama viatu vya Papa vya Jumapili. Jioni, Papa na Koko wameshafika, nikaiweka mezani, nikasimama kando kungoja sifa. Koko alitafuna mara mbili, akaacha, akautazama mtungi wa maji. Papa alimeza, akanywa glasi nzima, akasema, "Iko muzuri." Akaomba kipande kingine, akanywa tena. Kipande cha tatu alikila macho yakimtoka machozi. Nimeolewa, nimezeeka, na sijaona tena mwanaume wa kunipenda kiasi hicho.

Nilikimbilia daftari. Kwa mwandiko wangu mzuri, na mstari mwekundu chini yake, nilikuwa nimeandika: ilowekwe siku nzima, isitiwe chumvi. Nikalia.

Koko aliinuka. Aliibeba jambon jikoni, akaikatakata, akaichemsha na kumwaga maji mara mbili, akaitia kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, isiyo na chumvi hata chembe. Tuliila na bugali mpaka tukalamba vidole. Kisha akafuta mikono, akamgeukia Papa, nami nikafumba macho.

"Mumurudishe ku masomo," akasema. "Huyu hajamaliza kujifunza."

Siku hizi wanangu wanapika huku wakitazama simu, chumvi wanaipima kwa kijiko, na chakula kikiharibika wanaagiza kingine. Hakuna anayepita na kufunua sufuria ya mwenzake. Mimi nina tanuri la umeme, umeme ukiwepo, na jambon yangu ya Noeli nailoweka siku mbili, kwa woga. Wageni wanaisifu sana. Ila ikitokea siku moja niiharibu, sijui nani ataomba kipande cha tatu.