Mama Kimya na Sikio la Mwisho

Kazi ya Mama Kimya ilikuwa kunyamazisha watu, na hakuna aliyempita kwa kelele. Miaka tisa alifukia vinasa mtikisiko ardhini, vikopo vidogo ambavyo wafanyakazi waliviita masikio, kisha akapita kando ya mstari wake akifokea kila chenye miguu: "Tulia hapo! Hata kikohozi meza!" Lori zito likaitikisa ardhi, mtikisiko ukashuka kilomita thelathini, arobaini, ukarudi juu, na masikio yakaunasa. Humo wataalamu walipata picha ya ganda la dunia, wakatafuta nyufa ambazo madini yalipandia, ili makampuni yajue pa kuchimba. Hatua za mbuzi mmoja tu ziliweza kuharibu asubuhi nzima. Shemeji yake mwenyewe aliwahi kurushiwa kiatu.

Mdogo wake, Kijiti, alimcheka sana. Yeye alichimba dhahabu kwa sululu, mita ishirini chini, pamoja na pande la mtu liitwalo Nyundo. "Dada, nyinyi mnachungulia kilomita arobaini, mimi dhahabu naikanyaga hapa!" Mama Kimya ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Walilala vyumba viwili, ukuta mmoja katikati. Kijiti akiogopa aligonga ukuta mara tatu, na dada akamjibu mara tatu.

Siku moja, saa tatu asubuhi, shimo lilibomoka Kijiti akiwa ndani.

Nyundo alikuwa juu akivuta kamba. Kwake, lori la kina Mama Kimya ndilo lililobomoa shimo, na hakutaka maelezo. Lori lilikuwa limekufa barabarani, mpira wake wa mafuta umepasuka tangu jana, halijatikisa hata jani, lakini nani alikuwa na masikio ya kusikia hayo? Wachimbaji arobaini walimshusha dereva kwa ukosi wakampiga mpaka meno yake mawili yakabaki kwenye ngazi ya lori. Mama Kimya alijitosa katikati. Mpini wa koleo ukampata juu ya jicho, akaanguka, akaamka, akamng'ata mtu mkono hadi damu ikamjaa mdomoni.

"Kijiti amefukiwa kwa sababu yenu!" Nyundo alinguruma. Akaugeukia mstari, akaanza kufukua sikio moja moja na kulipasua kwa nyundo yake kubwa.

Mama Kimya alimkimbilia. "Acha, mwendawazimu wee! Hayo ndiyo yatakayomsikia!"

Nyundo hakuacha. Alipasua ishirini na matatu. La ishirini na nne, la mwisho, Mama Kimya alililalia kifudifudi, akapigwa buti la mbavu mara mbili, na mara ya pili kitu kikakatika ndani. Hakulitoa. Mwishowe Nyundo akaishiwa pumzi, akasimama anahema.

Mama Kimya alijikokota hadi mdomo wa shimo, akalifukia sikio, akaliunganisha na kompyuta yake ya kazi. "Tulieni!"

Wanaume arobaini wakatulia. Mstari kwenye kioo ukaruka mara tatu. Ukalala. Ukaruka tena mara tatu.

"Yuko hai!" Nyundo alilia kama mtoto. "Dada, yuko upande gani?"

Chini kulikuwa na njia mbili, moja ya kuelekea barabarani, nyingine ya kuelekea kilimani.

"Sikio moja linakwambia yupo," alisema Mama Kimya. "Kujua yuko wapi unahitaji matatu, uone lipi limesikia kwanza. Haya, niletee mawili."

Nyundo alitazama vipande vilivyotapakaa kwenye majani. Mama Kimya alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Wakabahatisha upande wa barabara. Walichimba mpaka saa nane, wakakuta mwamba mtupu, wakageukia kilimani. Ilipofika saa tisa na nusu, mara tatu zikawa mbili, zikawa moja, kisha mstari ukanyooka.

"Dada, anagonga bado?" Nyundo aliuliza kutoka shimoni.

"Anagonga!"

Aliuliza tena na tena, na kila mara akajibiwa vilevile. Saa kumi na moja wakamfikia Kijiti. Alikuwa ameshika jiwe, na mwili umeanza kupoa.

Nyundo alipanda juu. "Ulisema anagonga."

"Ningesema ameacha, mngechimba hivyo?"

Nyundo alimpa nyundo yake, akapiga magoti, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe. Mama Kimya aliinyanyua nyundo huku ubavu ukimchoma kwa moto. Alitaka kuishusha, alitaka kwa moyo wake wote, na hakuna aliyemwambia dada, acha. Akaviona vidole vile. Kucha zilikuwa zimeng'oka zote kwa kufukua mawe.

Akaitupa nyundo kando.

"Mkono huo una kazi," alisema. "Mshike miguu. Kichwa nitabeba mimi."