Karatasi Iliyonuka Samaki

Mwaka ule wa 1961 nilijiona mtu muhimu kuliko bandari yenyewe. Mji wetu, Kalemie ya leo, ulikuwa bado unaitwa Albertville, nami nilikuwa karani wa mfanyabiashara Mgiriki aliyevusha bidhaa ziwani kwenda Kigoma. Yeye alizungumza lugha sita. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha mapadri, pamoja na Kiingereza nilichojifundisha kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwisho, ndiyo maana hadi leo sijui kuagana kwa Kiingereza.

Siku moja aliniahidi kwamba nikifikisha magunia ya chokaa kutoka Kabimba kwa mnunuzi wa Kigoma bila matatizo, nitakuwa wakala wake kule, na ofisi yangu na meza yangu. Niliitamani meza ile mno. Nikakaa siku tatu nikikariri hotuba ya Kiingereza ya kutoa pale forodhani.

Mama yangu hakujua kusoma. Aliwauzia wanawake wa ng'ambo ya ziwa samaki wakavu, na kila meli ilipofika aliacha beseni lake akaenda kutazama imebeba bendera gani. Nilimcheka sana kwa hilo. Asubuhi ya safari alichukua hati yangu ya mzigo, akaikazia macho alama mpya iliyochapwa juu yake. Ilikuwa ya Katanga, jimbo letu, ambalo tangu mwaka uliopita lilikuwa limejitangaza kuwa nchi.

“Hii alama ya mupya,” akasema, “kule ng'ambo njo nani anaijua?”

“Mama, haya ni mambo ya biro, ya watu wa ofisi.”

“Aya. Mambo ya biro.”

Akanifungia samaki wa kukaanga katika fomu za zamani za mizigo, zile zilizoachwa kutumika kazini, ambazo nilimletea azitumie kufungia samaki wa biashara yake.

Kigoma, afisa wa forodha alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesubiri wimbo wa kanisani uishe. Kisha akajibu kwa Kiswahili.

“Kiingereza umekisema vizuri, ndugu yangu. Ila nchi hii siijui. Kwenye orodha yangu haimo.”

Nilijaribu Kifaransa. Hakikusaidia kitu. Nyuma yangu magunia yalikuwa bila turubai juu ya tishari, na wingu zito lilikuwa linakuja. Chokaa ikinyeshewa huchemka na kupasua magunia, na mimi niliiona meza yangu ikichemka pamoja nayo. Nikaketi kwenye ngazi ya ofisi yake, na kwa kuwa nilikuwa na njaa na aibu kwa pamoja, nikafungua chakula.

Afisa alipopita, jicho lake halikutua kwa samaki.

“Kongo,” akasoma kwenye karatasi. “Hii naijua. Ungekuwa na nyingine kama hii, safi, ungejaza, nami ningeigongea muhuri.”

Nikainua samaki. Chini yao kulikuwa na jani la mgomba, na chini ya jani, fomu tatu zilizokunjwa vizuri, bila tone la mafuta. Nilijaza moja, akaigongea muhuri. Gunia la mwisho liliingia ghalani mvua ikianza.

Mgiriki aliinusa nakala yangu, akanipa kazi. Nilipomuuliza mama, alishangaa kwelikweli, au alijifanya.

“Karatasi gani? Njo za kufungia tu.”

Nilicheka wiki nzima. Nilikuwa bado nacheka nilipoanza kupanga nguo sandukuni, ndipo kicheko kikanikauka. Nilikuwa mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani. Kama asingetia zile karatasi, chokaa ingeharibika, nami ningebaki kwake. Hilo alilijua alipokuwa anaziweka, na bado akatafuta jani la mgomba zisichafuke.

Siku ya kuondoka alitazama kwanza bendera ya meli, muda mrefu, akaridhika kwamba kule ng'ambo wanaijua. Kisha akanigeukia mimi, akalia.